Pipi Zilizobaki kwa Bi Ardis

Signe Kvamme alikuwa na miaka thelathini na sita, na asubuhi ile ya Jumamosi aliiba pipi katika nyumba ya mama yake mzazi.

Aliziiba kwenye friza, ambako Bi Ardis alikuwa amezificha chini ya mfuko wa njegere na samaki wa mwaka jana. Ilikuwa mifuko miwili mizima, haijapungua hata kiganja kimoja. Katika mji mdogo kama Tamarack Falls, nyumba yenye mifuko miwili ya pipi siku tano baada ya Halowini, usiku ambao watoto waliojigeuza kwa mavazi hupita nyumba kwa nyumba kuomba pipi, ina jambo la kueleza, na Bi Ardis alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Mpango wake ulikuwa kuzikatakata kidogo kidogo ndani ya biskuti za Krismasi mpaka ushahidi uishe.

Signe alizimimina zote kwenye bakuli la bati, akalifunika kwa taulo la jikoni na kulitia nyuma ya gari, pembeni ya mifarishi ya viraka iliyokuwa ikienda kwenye maonyesho. Kisha akarudi chumbani kwake, akafungua kikopo anamowekea subana za kushonea, akatoa pete aliyokuwa ameificha humo tangu Agosti. Akaivaa. Juu ya pete akavaa glavu nyeupe za pamba.

Mama yake alipomwona akishuka ngazi amevaa glavu saa moja na nusu ya asubuhi, alimuuliza mbona mapema hivyo. Signe akajibu asije akazisahau. Likaishia hapo, maana siku ya maonyesho kila mshona mifarishi huvaa glavu nyeupe, viraka visije vikashika mafuta ya vidole.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu. Wanaume wote wa pande zile wenye bunduki na magoti mazima walikuwa wameingia msituni tangu alfajiri, wamevaa makoti ya rangi ya chungwa. Wake zao, wa miji mitatu, walikuwa wamejazana kwenye ukumbi wa shule ya sekondari, na bango mlangoni liliwakaribisha kwa jina lao la kila mwaka: wajane wa kulungu. Hakuna mjane aliyewahi kuwa na furaha kiasi kile. Walitoka meza moja hadi nyingine na vikombe vya kahawa mkononi, wakinusa mishumaa, wakijaribu kofia za sufu, wakionja jamu za porini na lefse, zile chapati laini za viazi, huku wenye maduka wakipita na madaftari yao kuagiza mali ya Krismasi. Signe aliipenda siku hii kupita hata Krismasi yenyewe. Leo hakuweza hata kuonja jamu.

Mifarishi ilikuwa na sehemu yake, na sehemu hiyo ilikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Ukuta wa kushoto ni wa sindano ya mkono. Ukuta wa kulia ni wa mashine. Katikati kuna ujia wa hatua sita hivi, na wanawake wa kushoto hawakuuvuka ila kwa kwenda chooni. Bi Ardis Kvamme alikuwa malkia wa kushoto kwa miaka arobaini. Mishono kumi na miwili ndani ya inchi moja, na midogo kiasi kwamba watu walivaa miwani kuitafuta. Mfarishi wa mashine, kwake yeye, ulikuwa blanketi lenye kiburi.

Na ng'ambo ya ujia, usawa wa meza yake kabisa, alikaa mwanamume pekee katika ukumbi mzima.

Weldon Niemi alikuwa fundi wa magari ya kuondolea theluji mpaka mgongo ulipomgomea. Hapo ndipo alipojinunulia mashine ndefu ya kushonea mifarishi, kubwa kama kitanda cha watu wawili, na wanawake wa wilaya nzima wakaanza kumpelekea viraka vyao avishone pamoja. Alikuwa na mikono mipana, sauti ya chini, na namna ya kumtazama mtu kana kwamba hana pengine pa kwenda. Signe alitazamwa hivyo kwa mara ya kwanza miaka miwili iliyopita, kwenye duka la vitambaa, walipolishika jora moja la pamba ya bluu wote wawili na kila mmoja akakataa kuliachia. Tangu siku ile hakutaka kutazamwa na mwingine.

Bi Ardis alikuwa na pingamizi tatu. Kwanza, mke wa Weldon alimwacha na mtoto wa miaka miwili akahamia Oregon, na mke hakimbii bure. Pili, mwanamume gani huyo asiyekwenda kuwinda. Tatu, mashine. Mbili za kwanza angeweza kuzisamehe.

Ndiyo maana Weldon alipompa Signe pete kando ya ziwa mwezi wa nane, Signe aliipokea huku analia, halafu akamwomba mwezi mmoja wa kumwandaa mama yake. Mwezi ukawa miwili, na wa pili ukaingia wa tatu. Kisha ikafika Halowini.

* * *

Signe aliliweka bakuli katikati ya meza na kuliondolea taulo.

Bi Ardis alikuwa akinyoosha mfarishi mkubwa kwenye kitundikio chake, ule wa nyota nyeupe na bluu ambao Bi Oberg, mwenye hoteli ya ziwani, alikuwa anakuja kuutazama saa tano. Aligeuka. Alizitazama pipi kama mtu aliyekutana na mgeni asiyemtarajia akiwa amevaa gauni la kulalia.

"Hizo zimefikaje hapa?"

"Kwa gari, Mama."

"Chokoleti haikai karibu na mfarishi wangu. Unajua hilo tangu una miaka minne."

"Haitakaa. Inavuka ng'ambo."

Mama yake akatazama ng'ambo, ambako Weldon alikuwa ameinama akipanga nyuzi. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Pembeni yao, Lavonne wa mishumaa, ambaye hakupitwa na neno tangu alipozaliwa, aliacha kufunga mzigo wa mteja na kuanza kuufungua upya.

Bi Ardis alishusha sauti. Alisema kwamba yaliyopita yamepita, kwamba pipi ni pipi tu, kwamba mtoto yule lazima alijaza kapu lake kwenye nyumba nyingine ishirini. Alisema wenye maduka wako njiani na huu si wakati wa kufanya watu wa miji mitatu wawe na la kusimulia. Signe alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza maisha yake yote.

"Umemaliza, Mama?"

"Ukivuka hapo, Signe, usirudi kwenye meza hii."

Signe akalibeba bakuli.

Lililomsukuma si hasira juu ya mama yake. Hasira hiyo angeweza kuimeza, alishazoea ladha yake. Kilichomkosesha usingizi siku tano kilikuwa kitu chake mwenyewe.

Jumatatu ile ya Halowini, saa kumi na mbili na nusu ya jioni, yeye na mama yake walikuwa nyumbani wakingoja watoto. Kila mtu Tamarack Falls anajua taratibu: taa ya barazani ikiwaka, mtoto apande ngazi apige hodi, ikizimwa, pipi zimekwisha, apite. Kuizima wakati mtoto ameshafika kwenye ngazi ni jambo ambalo watu hawafanyi, hata kwa watoto wa mahasimu wao. Weldon alikuja na binti yake Britta, mwenye miaka minane, amevaa kama kibiringo cha uzi: duara moja la kadibodi shingoni, jingine magotini, na kamba ya bluu iliyozungushwa kutoka juu hadi chini, juu ya koti la baridi. Alipanda ngazi kiubavu kwa sababu mbele alikuwa hapaoni. Lilikuwa wazo lake mwenyewe. Alikuwa amesikia kwamba Bi Ardis ni malkia wa sindano, akataka amfurahishe.

Bi Ardis alichungulia, akawaona akina Niemi, akanyoosha mkono ukutani. Tap.

Signe alikuwa nyuma ya pazia la sebuleni, bakuli mkononi. Alimsikia mtoto akisema, "Baba, imezimika." Alisikia viatu vikibaki palepale, kisha vikishuka ngazi, vya mmoja vizito, vya mwingine vya kiubavu. Mlango ulikuwa hatua tatu kutoka aliposimama, na hakuufungua.

Tangu siku hiyo Weldon hakupokea simu za Signe.

* * *

Hatua sita za ujia ule zilikuwa ndefu. Signe alisikia mazungumzo yakikatika nyuma yake, meza baada ya meza, mpaka akabaki anasikia karatasi za pipi zikichakarika ndani ya bakuli. Aliliweka mbele ya Weldon.

Weldon hakuinua macho. "Kahawa inauzwa kule mwisho."

"Sikuja kunywa kahawa."

"Mama yako anakutazama."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja sasa hivi."

Hapo aliinua macho, na Signe akaona jinsi alivyochoka. Alikuwa amejikata shavuni akinyoa. Alitamani kuligusa lile jeraha mbele ya watu wote na akashangaa kwamba haogopi kulitamani.

Alimwambia kwamba Jumatatu alikuwa nyumbani, nyuma ya pazia.

"Nilijua," Weldon akasema. "Lilitikisika."

"Kwa nini hukupiga hodi basi?"

"Nilitaka ufungue mwenyewe."

Hakukuwa na ukali katika sauti yake, na hilo lilimchoma Signe kuliko ukali. Weldon aliendelea, taratibu, akiviringisha uzi kidoleni na kuuviringua. Alisema yeye ni mtu mzima, kuchukiwa na Bi Ardis kunavumilika, hata kunachekesha siku nyingine. Alisema angengoja miaka mingine miwili kama ingekuwa yeye peke yake. Lakini hawezi kumlea mtoto pamoja na mwanamke anayewapenda kwenye maegesho ya magari tu, na mlangoni kwa mama yake asiwajue.

"Una haki," Signe akasema.

"Sitaki kuwa na haki. Nataka kujua umekuja kufanya nini."

Signe alivua glavu ya mkono wa kushoto. Haikutoka vizuri, pete ilikwama, ikabidi aivute kidole kimoja kimoja, na kwa muda wote huo Lavonne hakupepesa jicho. Ilipotoka aliuweka mkono juu ya meza ya mashine, kiganja chini, pete juu.

"Nimeivaa tangu asubuhi," akasema. "Kuanzia leo sitaivua hata nikiosha vyombo. Na sikuja kukuomba msamaha wewe kwanza. Nimekuja kwa Britta. Nataka nimwambie kwamba nilikuwa ndani, nikiwa na pipi mkononi, hakunishika mtu, na sikufungua."

Weldon akatikisa kichwa. "Usimwambie hivyo."

"Kwa nini?"

"Nilimwambia balbu imeungua." Alisema haraka, kama mtu anayekiri wizi. "Alilia mpaka kwenye gari, Signe. Aliniuliza kama Bi Ardis amechukia vile alivyovaa. Ningemwambia nini? Kwamba amezungushiwa mita arobaini za kamba kwa ajili ya mtu asiyetaka kumwona? Nikasema balbu imeungua, vikongwe wakiwa gizani hawafungui mlango. Akanyamaza. Aliamini."

"Ataujua ukweli siku moja, na atajua nilikaa kimya mara mbili."

"Ni mtoto."

"Ndiyo maana. Siwezi kuingia nyumbani kwako juu ya uongo wa balbu."

Weldon aliuweka uzi chini. Alipouliza, sauti yake ilishuka mpaka Lavonne akalazimika kuinamia mishumaa yake.

"Kwa hiyo unaingia nyumbani kwangu?"

"Kama bado unanitaka."

"Na unanijibu hapa? Mbele ya wanawake mia tatu?"

"Ningetaka pa siri, ningengoja waume zao watoke msituni na wao warudi majumbani."

Kwanza Weldon alicheka puani, kisha akaacha kucheka. Akaufunika mkono wa Signe kwa mkono wake mpana, pete na yote, na akamtazama kama alivyomtazama juu ya lile jora la pamba ya bluu. Signe alitamani kubaki hapo, lakini kazi aliyoijia haikuwa imekwisha. Akauliza Britta yuko wapi.

Weldon akachungulia chini ya meza, ambako binti yake alikuwa amekaa na kitabu. Kitabu kilikuwepo, lakini Britta hakuwepo.

Wote wawili waligeuka wakati mmoja. Britta alikuwa amesimama ng'ambo, mbele ya meza ya Bi Ardis, na mikononi ameshika kijiboksi.

* * *

Signe aliuvuka ujia kwa hatua nne. Weldon alikuwa nyuma yake na bakuli, maana hakujua alifanyie nini.

Bi Oberg wa hoteli alikuwa amefika, miwani puani, ncha ya mfarishi wa nyota ikiwa juu ya kiganja chake. Alikuwa ameshauliza ameshona nani, na Bi Ardis alikuwa ameshajibu, kama alivyojibu mwaka mzima: yeye mwenyewe, kwa mkono, mshono baada ya mshono. Halafu mtoto akajipenyeza kati yao. Alimwamkia Bi Ardis vizuri, akanyoosha boksi.

"Baba alisema taa yako iliungua Jumatatu," Britta akasema. "Nimekuletea balbu. Ni ile ya kudumu miaka kumi, nilichagua mwenyewe. Ukitaka Baba atakuja kuifunga, usipande ngazi, utaanguka."

Bi Ardis hakulipokea boksi. Signe alimwona mama yake akilitazama, kisha akamtazama mtoto, kisha uso ukabadilika rangi kuanzia shingoni kwenda juu. Njia ya kutokea ilikuwa wazi kabisa. Angesema asante, angeiweka balbu kwenye mkoba, na kufikia saa sita mji mzima ungekuwa unasimulia habari ya balbu. Hata Weldon, nyuma, alikuwa anamwombea aichukue njia hiyo.

Signe ndiye aliyeiziba.

"Britta," akasema, akipiga magoti ili macho yao yalingane. "Jumatatu mimi nilikuwa ndani. Nilikusikia. Nilikuwa na pipi zako mkononi na nilipaswa kufungua mlango. Sikufungua kwa sababu niliogopa. Haikuwa juu ya vile ulivyovaa. Ulipendeza mno. Nimekuja kukuomba radhi."

Mtoto alimkazia macho. "Uliogopa giza?"

Signe alifungua kinywa, lakini aliyejibu hakuwa yeye.

"Hapakuwa na giza," Bi Ardis akasema. "Balbu haikuungua. Niliizima mimi."

Alikuwa amesimama wima kama kawaida yake, ila mikono yenye glavu ilikuwa imeshikana mbele ya tumbo. Britta alimuuliza kwa nini. Aliuliza bila chuki, kama anavyouliza mtu anayetaka kujua kitu kinavyofanya kazi.

"Kwa sababu baba yako anamchukua binti yangu," Bi Ardis akasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaanza na hakuwahi katika maisha yake kuacha mshono katikati, akamgeukia Bi Oberg. "Na huu mfarishi, mama, sikuushona mimi. Nilikata viraka tu. Vidole vyangu haviwezi kushika sindano tangu Januari. Kila mshono unaouona hapo ni wa Signe. Nimekudanganya muda huu huu, na nimewadanganya wengine wengi kabla yako."

Hata Lavonne alitazama chini.

Signe alibaki amepiga magoti. Mwaka mzima alikuwa ameshona mpaka macho yanamwuma, jina la mama yake likishonwa kwenye lebo ya nyuma, na kila jioni alijiambia kwamba mama anaona aibu, basi. Hakuwahi kufikiri kwamba mama anaogopa. Kumbe kila alipomkataa Weldon alikuwa anang'ang'ania mikono aliyobakiwa nayo. Moyo ulimwuma kwa huruma, na huruma ile ilikuwa hatari, aliijua, maana ndiyo iliyomweka nyuma ya pazia miaka yote hii. Akasimama.

Britta alikuwa bado anapiga hesabu ya jambo lake. "Kwa hiyo pipi hazikuisha."

"Hazikuguswa hata moja," Bi Ardis akasema.

"Basi mimi sipewi. Nachagua mwenyewe. Mtoto akicheleweshewa anachagua mwenyewe."

"Hiyo ni sheria?"

"Shuleni kwetu, ndiyo."

Bi Ardis alifikiri. Halafu alifanya jambo ambalo upande wa kushoto ulilizungumzia majira yote ya baridi. Alivua glavu zake, akaonyesha vidole vyake vilivyovimba na kupinda mbele ya kila aliyetaka kuviona, akalichukua bakuli kutoka kwa Weldon na kuliweka mezani, chokoleti na vyote, nusu hatua kutoka kwenye mfarishi wa nyota. Britta akachagua kwa makini. Zenye siagi ya karanga alizitia mfukoni mwa koti, zenye nazi akazirudisha. Alipomaliza aliiweka balbu mezani, akasema hii kaa nayo tu, ipo siku ile nyingine itaungua kweli. Bi Ardis alimshukuru.

Bi Oberg alikohoa kidogo, akamuuliza Signe kama anaweza kupata mifarishi mingine mitatu kama ule kabla ya majira ya kiangazi. Signe akasema anaweza, ila lebo zitakuwa na majina mawili: aliyekata viraka, na aliyeshona. Bi Oberg akaona hilo ni sawa, akaenda kutafuta kahawa, kwa heshima, polepole sana, masikio yakiwa nyuma.

Wakabaki wanne. Bi Ardis aliutazama mkono wa binti yake usio na glavu. Aliitazama pete kwa muda mrefu, kama anavyotazama mshono wa mtu mwingine, akitafuta kasoro. Kisha akamwinulia Weldon macho kwa mara ya kwanza tangu amfahamu.

"Mfarishi wa harusi unashonwa kwa mkono," akamwambia. "Hiyo mashine yako isiusogelee."

"Sawa, Bi Ardis."

"Mishono kumi na miwili kwa inchi. Si kumi na mmoja."

"Utashonwa kwa mkono, Mama," Signe akasema. "Mkono wangu. Nitakushonea na mingine yote, ya hoteli na isiyo ya hoteli, mpaka macho yangu nayo yachoke. Sikuachi. Lakini fremu ya kushonea inahama. Wiki ijayo Weldon anakuja na gari kuichukua, na itakaa kwake, ambako sasa ni kwetu, kwenye chumba cha mbele chenye dirisha kubwa. Nitashona Jumanne na Alhamisi. Ukitaka kuhesabu mishono, utakuja wewe, na utaingia kwa mlango wa mbele, na utamsalimu kila mtu aliyemo."

Hakuwahi kuongea na mama yake hivyo. Hakurudisha neno hata moja. Weldon alikuwa amesimama karibu naye kiasi cha kuhisi joto la bega lake, na hakumsaidia kwa neno lolote, na kwa hilo Signe alimpenda zaidi.

Bi Ardis alizikunja glavu zake. Alizikunja mara mbili, akazilaza juu ya meza, akazinyoosha kwa kiganja ingawa hazikuwa na mkunjo. Ng'ambo ya ujia mwanamke fulani alikuwa akipapasa mifarishi ya Weldon bila kuhudumiwa.

"Una mteja kule," Bi Ardis akamwambia Weldon, na Weldon hakuondoka. Akamgeukia binti yake.

"Huko kwenu," akauliza, "kahawa huwa tayari saa ngapi?"